Swali la siku saba na fedha za kuliuliza

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma, nilimuuliza mama mmoja swali ambalo nilikuwa nimelikariri tangu siku ya kwanza ya mafunzo ya wadadisi, yaani sisi tunaozihoji kaya kuhusu kazi na ajira: je, katika siku saba zilizopita, alifanya kazi yoyote ya malipo au ya kujipatia faida, hata kwa saa moja tu? Ilikuwa Septemba, vumbi limetanda, na mama huyo alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mwarobaini akipasua mabuyu na kuutia ubuyu wake kwenye beseni la plastiki. Tulikuwa tumeamkiana kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, na kujuliana hali, kwa hiyo alinijibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto jambo lililo wazi. "Mwanangu, mimi sina kazi. Mimi ni mkulima tu, na sasa hivi hakuna kilimo."

Dodoso lilinitaka niendelee kuuliza, nami nikaendelea. Ule ubuyu unakwenda wapi? Akasema kuna mnunuzi anayekuja na pikipiki kila Alhamisi, hupima kwa debe na kulipa papo hapo. Kwa kanuni za kitakwimu, mama huyo alikuwa kwenye ajira wiki ile, tena kwa saa nyingi, ingawa yeye mwenyewe hakuiita kazi. Nilirekodi majibu yake kwenye kishikwambi na kwenda kaya iliyofuata, lakini jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu undani wake ni mkubwa kuliko nilivyouona siku ile.

Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi, ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva, ulibadilisha maana ya ajira. Tangu hapo, aliye kwenye ajira ni yule anayefanya kazi ili apate malipo au faida. Anayelima chakula cha kaya yake mwenyewe anahesabiwa kuwa anafanya kazi, lakini si kwenye ajira. Sasa mfikirie mama yule mwezi Machi, mtama umefika magotini, yuko shambani tangu alfajiri akipalilia chakula cha mwaka mzima cha watoto wake. Ukimuuliza wakati huo atakwambia bila kusita kwamba ana kazi, tena nyingi kupita kiasi, ilhali takwimu zitamweka nje ya ajira. Septemba anapokwambia hana kazi, takwimu zitamweka ndani. Jibu lake na jibu la kanuni yanapishana mara mbili kwa mwaka, na katika mkoa mkame kama wetu, wenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, mwezi ambao swali linaulizwa ni sehemu ya jibu. Siilaumu kanuni hiyo, kwa kuwa inatuwezesha kutofautisha anayejilisha na anayepata kipato, na tofauti hiyo ni muhimu sana kwa anayepanga sera. Ninachosema ni kwamba kanuni ya namna hii inadai utafiti unaozunguka mwaka mzima, na utafiti unaozunguka mwaka mzima unadai fedha zinazotoka mwaka mzima.

Tanzania Bara imefanya utafiti wa nguvu kazi, yaani ule wa kuhesabu nani yuko kwenye ajira na nani hayuko, mwaka 1990/91, ukafuata wa 2000/01, wa 2006, wa 2014 na wa 2020/21. Kati ya mmoja na mwingine kuna miaka sita, minane, hata kumi. Kiwango cha ukosefu wa ajira tunachokisoma kwenye hotuba, yaani asilimia 11.7 kwa 2006, asilimia 10.3 kwa 2014 na takriban asilimia 9 kwa 2020/21, ni nukta chache katika mstari ambao sehemu yake kubwa hatukuichora. Kati ya 2014 na 2020 Serikali ilihamia Dodoma, mji wa serikali wa Mtumba ukaanza kujengwa, viwanja vikapimwa kila upande, na vijana kutoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Singida wakamiminika kutafuta vibarua. Wangapi walipata? Wangapi walikuwa saidia fundi kwa miezi miwili, kisha wakarudi kuendesha bodaboda ya mtu? Sisi tunaoishi hapa tuliyaona mabadiliko hayo kwa macho, lakini macho si takwimu, na aliyepanga bajeti ya mafunzo ya ufundi mwaka 2018 alikuwa na namba za 2014.

Wapo wanaosema kazi hii inaweza kufanyika kwa gharama ndogo kwa kutumia kumbukumbu zilizopo, kama vile za wachangiaji wa mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF na PSSSF, pamoja na utafiti wa ajira na kipato unaokusanya taarifa kutoka kwa waajiri. Kumbukumbu hizo ni nzuri na zitumike. Hata hivyo, mwenye beseni la ubuyu hana mwajiri wa kujaza fomu, saidia fundi anayelipwa jioni kwa mkono hachangiwi popote, na wengi wa watu wanaofanya kazi mkoani mwetu wako kwenye kundi hilo. Hakuna njia ya kuwafikia isipokuwa kwenda mlangoni kwao.

Kwenda mlangoni ndiko kunakogharimu. Utafiti wa 2014 ulichukua sampuli ya kaya 11,520 katika maeneo 480 ya kuhesabia watu. Msomaji anaweza kudhani gharama kubwa iko kwenye kompyuta au kwenye uchapaji wa ripoti, kumbe iko kwenye mafuta ya gari, posho ya mdadisi, siku za kuorodhesha kaya upya pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na zaidi ya yote kwenye ziara ya marudio. Katika utafiti ule ule niliousimulia, tulipohamia upande wa Chamwino, sampuli ilituangukia nyumba ya kijana mmoja anayeishi peke yake. Tulifika mara mbili tukakuta kufuli. Jirani alituambia kijana huyo hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwenye ujenzi na hurudi saa mbili usiku. Ilitupasa tumrudie usiku au Jumapili, lakini mafuta tuliyopewa yalikuwa yameisha kabla ya siku zetu kuisha, na nyongeza iliyoahidiwa haikufika. Kaya yake ikaandikwa kuwa haikupatikana.

Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo upungufu wa fedha unapogeuka kuwa upungufu wa ukweli. Asiyekutwa nyumbani mchana mara nyingi ndiye anayefanya kazi saa nyingi kuliko wengine. Ukimwacha kwa kukosa lita kumi za mafuta, sampuli yako inabaki na wanaokutwa nyumbani, na picha ya kijiji kizima inaelemea upande mmoja. Ripoti itatoka, majedwali yatapangika, na hakuna atakayeona kwamba kijana wa kufuli hayumo.

Suala jingine ni fedha hizo zinatoka mfuko gani. Vitabu vyetu vya bajeti hutenganisha fedha za ndani na fedha za nje, na kwa miaka mingi tafiti kubwa za kaya zimeegemea sana za nje. Awamu ya kwanza ya Mpango Kabambe wa Kuimarisha Takwimu, iliyoanza 2011, ilibebwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia na washirika wengine wa maendeleo. Siwadharau hata kidogo. Bila wao tusingekuwa na baadhi ya namba ninazozitaja hapa. Ila mapema mwaka 2025 tuliona programu ya tafiti za afya na idadi ya watu iliyokuwa ikifadhiliwa na Marekani katika nchi nyingi, yetu ikiwemo, ikisimamishwa kwa uamuzi uliofanyika mbali kabisa na kaya zinazohojiwa.

Marekani yenyewe haikusalimika. Huko kaya zipatazo 60,000 huhojiwa kila mwezi kuhusu kazi, na kiwango cha ukosefu wa ajira kimekuwa kikitolewa kila mwezi tangu 1948. Bunge lao liliposhindwa kupitisha bajeti, shughuli za serikali zikafungwa kwa siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, na mahojiano ya mwezi huo hayakufanyika. Fedha zilipopatikana Novemba, kiwango cha Oktoba hakikuweza kutolewa, wala hakitatolewa kamwe, kwa kuwa huwezi kumwuliza mtu leo kuhusu siku saba za mwezi uliopita ukategemea jibu lile lile. Barabara iliyocheleweshwa inaweza kujengwa mwakani. Wiki ambayo haikuulizwa imekwenda.

Kwa hiyo, ninapofuatilia mjadala wa bajeti hapa Dodoma, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, najiuliza mambo mawili kuhusu utafiti wa nguvu kazi. Kwanza, je, una kasma yake, yaani fungu lake, ya kudumu kwenye fedha za ndani, kwa sampuli ndogo inayorudiwa kila robo mwaka, badala ya utafiti mkubwa unaosubiri mfadhili? Afrika Kusini inafanya hivyo kila robo mwaka tangu 2008. Pili, fedha zinatolewa lini? Mwaka wetu wa fedha huanza Julai, wakati shamba limekwisha kuvunwa na watu wa mkoa huu wanaingia kwenye miezi ya kutafuta kipato nje ya kilimo. Fedha zilizoidhinishwa Juni zikitolewa Januari, kiangazi chote kimepita bila kuulizwa, hata kama mwisho wa mwaka hesabu itaonyesha zilitolewa zote. Ningependa mbunge mmoja, kutoka jimbo lolote la kanda ya kati, aulize mwezi wa kutolewa na si kiasi peke yake.

Mama wa Bahi sikumrudia Machi. Utafiti wetu ulikuwa na fedha za msimu mmoja. Kwenye takwimu zile yumo kama muuza ubuyu, na jembe lake, lililokuwa limeegemezwa ukutani nyuma yake muda wote tulipokuwa tukizungumza, halimo.