Mota inazunguka, dawa haitoki

Pampu yetu ya kuhamishia dawa ya kung'arishia nguo haina sili (kizibo cha kuzuia dawa isivuje) kwenye shafti, na ndiyo maana niliinunua. Ile ya zamani sili zake zililiwa na dawa, karakana nzima ikawa inanuka. Hii ina pete mbili za sumaku: moja kwenye kikombe kilichofungwa kwa mota, nyingine ndani ya impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma dawa, na ukuta wa plastiki katikati.

Jumatatu moja nikawasha. Mota ikaunguruma vizuri, pipa la pili kavu. Nikasubiri dakika tano nikidhani itashika yenyewe. Kosa.

Nikazima, nikachomoa waya, nikafungua nikiamini sumaku zimekufa. Nikaizungushia impela karatasi na kunyunyiza unga wa chuma wa kwenye grenda. Ukajipanga mistari minane! Kumbe si sumaku ya ncha mbili ya darasani. Pete imegawanywa kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, mpaka inarudi ilipoanzia, na kila kaskazini ya impela imeng'ang'ania kusini ya kikombe.

Nikairudisha mahali pake, nikaishikilia, kijana wangu akazungusha feni ya mota polepole. Ukinzani ukapanda mpaka kama digrii 22, ukalegea, na ilipopita 45 sumaku zikasukumana: tak! Zikashikana tena kwenye digrii 90. Sasa fikiria mota inayokaribia mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikishaachia, impela inavutwa mbele na nyuma haraka mno, inabaki kutetemeka tu. Haishiki mpaka uzime, mota isimame, uwashe upya. Ukiiacha hivyo, inapata joto, na sumaku za neodimiamu za kawaida hupungua nguvu zikipita nyuzi 80 hivi.

Kilichoizuia impela ni chumvi iliyoganda, maana Jumamosi tuliondoka bila kumwaga dawa iliyobaki ndani.

"Bosi, nilete siki?" kijana akauliza.

"Thubutu! Siki na dawa hii vinatoa gesi ya klorini. Lete maji ya vuguvugu."

Saa mbili za kuloweka, mswaki kidogo, pampu ikavuta. Kazi kubwa ilikuwa ule unga wa chuma: karatasi ilichanika, ukaganda kwenye impela, nikautoa kwa selotepu mpaka magharibi.