Sikurusha dadu
Jana jioni hapa Kirumba, kwenye meza yetu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi ambao mwongozaji anasimulia na kila mchezaji ana mhusika wake, mhusika wangu aliitwa na sauti kutoka ziwani. Uchawi wa kuteka akili. Kawaida unarusha dadu la pande 20, unajumlisha nyongeza ya busara ya mhusika, ukifikisha namba iliyowekwa umepona. Mwongozaji akanisukumia dadu. Nikamwambia, "Acha, amenasa."

Wenzangu wakaja juu: "We dada, unatuuza!" Lakini huyu niliyemtengeneza ni mjane wa mvuvi, mumewe alizama upande wa Ukerewe, na sauti ile ilikuwa ya mumewe. Angeanzaje kuikataa? Kanuni za mchezo huu za mwaka 2024 zinasema wazi kwamba asiyetaka kupinga anaweza kukubali kushindwa bila kurusha. Kwangu hiyo ndiyo kanuni nzuri kuliko zote, maana mhusika anaumia kwa sababu ya moyo wake, si kwa sababu dadu limeangukia vibaya. (Ila ulizaneni kwanza mezani, madhara huwafikia na wengine. Sisi tulishakubaliana.)

Kuhani wetu, mhusika wa mwenzangu mmoja, amemaliza karibu uchawi wake wote kunivuta, na bado nimetekwa. Tunaendelea Jumamosi. Aliyeko Mwanza na anapenda kucheza, kiti kimoja kipo wazi.