Mataruma Darini: Kutoka Pangani Hadi Old Moshi

Maji yanayoingia Bahari ya Hindi pale kwetu Pangani yameanza safari kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakatulia kwanza bwawani Nyumba ya Mungu, ndipo yakateremka kupitia Korogwe. Basi la Moshi linaupanda mto huo: Segera, Korogwe, Mombo, kisha Same na Mwanga, milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia.

Nilikuwa nakwenda kuona makanisa. Nimekulia kwenye mwambao unaounda majahazi, na jinsi Wakristo walivyokiingiza chombo cha bahari ndani ya nyumba ya ibada ni jambo ninalolipenda sana. Nilitaka kuona kama alama hiyo inaishi pia kwa watu wa migombani.

Mjini sikukaa. Nilipanda Noah hadi Old Moshi, nikashuka penye kanisa la Kilutheri la mawe, kahawa pande zote. Mzee wa kanisa alikuwa anafungua madirisha.

“Bwana Yesu asifiwe, mzee.”

“Amina. Karibu, mwanangu. Tazama utakavyo.”

Niliinua macho. Paa halina dari. Kenchi zimepangwa kuanzia mlangoni hadi madhabahuni, na mbao zake za pembeni zimepinda zikishuka kukutana na ukuta. Fundi yeyote wa kwetu angesema haya ni mataruma, mbavu za chombo. Ile boriti ya juu kabisa, inayokwenda urefu wote wa jengo, imekaa pale pale unapokaa mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote. Ni jahazi lililofudikizwa, gubeti, yaani ncha yake ya mbele, limeelekea mashariki, na waumini wamo ndani yake. Nilizunguka nikihesabu kenchi kama ninavyohesabu mataruma chombo kikiwa bado hakijapigwa mbao za ubavuni, na moyo ulijaa.

Wazo lenyewe ni la kale. Maagizo ya kanisa yaliyoandikwa Siria karne ya 4 yanataka jengo liwe refu, lielekee mashariki, lifanane na chombo. Askofu ni nahodha na mashemasi ni mabaharia. Kabla ya hapo Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, Afrika Kaskazini, aliandika kwamba ile mashua ya wanafunzi wa Yesu iliyopigwa na mawimbi ni mfano wa kanisa. Huko Honfleur, Ufaransa, kanisa la Mtakatifu Katarina lilijengwa karne ya 15 na mafundi wa meli, nao wakaezeka kwa ujuzi waliokuwa nao. Irsee, Ujerumani, ipo mimbari ya mwaka 1725 yenye umbo la gubeti, pamoja na mlingoti na tanga. Lakini zinazonigusa zaidi ni zile meli ndogo za mbao zinazoning'inia makanisani Denmark, nyingi zikiwa zimetolewa na mabaharia wenyewe. Mtu anayeijua bahari hatoi zawadi ya namna hiyo kwa kupamba tu.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. “Sisi huku hatuna bahari,” alisema, “lakini waliotuletea Neno waliivuka.”

Ni kweli. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walisafiri kwa meli kwanza, ndipo wakaikata nyika kwa miguu. Mapadre wa Shirika la Kikatoliki la Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Kilema, huko huko Kilimanjaro, mwaka 1890 walikuwa na kituo chao cha pwani, Bagamoyo, tangu 1868. Kwa hiyo simkubalii anayesema alama hii ni ya watu wa pwani peke yao.

Kisha akanionyesha marundo ya mbao na jipsamu nyuma ya kanisa. Wanataka kupiga dari. Mvua za masika zikipiga bati, mahubiri hayasikiki, na wazee wanaokaa nyuma hurudi nyumbani bila kuambulia kitu. Sababu hiyo ni ya haki kabisa.

Nilimwomba jambo moja alifikishe kwenye baraza la wazee: mbao zipigwe juu ya kenchi, chini ya bati, zipunguze kelele huku mataruma yakibaki wazi. Kazi itaongezeka, maana bati lazima lifunuliwe na kuezekwa upya. Tulitoka nje tukapima kwa hatua urefu wa paa, mzee akaandika hesabu kwenye daftari lake, akaniuliza mbao gani huko kwetu haziharibiki kwa unyevu. Nikamwambia mvule, kama fedha inatosha.