Nilivyobadilisha gasketi ya kava ya tapeti katika Corolla ya mwaka 1996

Kwa miezi mitatu kila asubuhi nilikuta doa jipya la oili mchangani, mahali ninapoegesha gari nje ya nyumba yetu hapa Malindi. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1996 yenye injini ya 5A-FE, nililoachiwa na ami yangu, nami nalipenda kuliko bei yake sokoni. Fundi wa kwanza alilala chini yake, akaona oili imetapakaa pale injini inapokutana na giaboksi, akasema kuwa sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili isitoke kwenye shafti kuu ya injini, imekufa na kwamba giaboksi haina budi kushushwa.

Kabla ya kukubali gharama hiyo, nilitaka kujua oili inaanzia wapi, kwa sababu oili huteremka, na gari likiwa mwendoni upepo huisambaza, hata ikadondoka mbali na ilikotokea. Nilisubiri injini ipoe kabisa, nikaisafisha kwa dizeli na brashi, nikaiosha kwa maji ya sabuni na kuikausha vizuri, kisha nikainyunyizia poda ya mtoto ubavuni kote. Niliendesha hadi daraja la Sabaki na kurudi. Nilipofungua boneti, niliona mchirizi mweusi katikati ya poda nyeupe, ukianzia kwenye ukingo wa kava ya tapeti, yaani mfuniko wa juu ya injini, na kuteremka hadi palepale alipoonyesha fundi. Nilipochomoa waya za plagi, mmoja ulitoka umelowa oili, na hapo nikaelewa pia kwa nini injini ilikuwa ikikosa moto asubuhi.

Kufungua kava hakukuwa kazi kubwa, ila nati zilikuwa zimeshika kutu ya hewa yetu ya chumvi, na ilinibidi kuzilowesha usiku kucha kwa mafuta ya kulegeza. Niliweka alama kwenye kila waya wa plagi ili nisichanganye. Kava ilipogoma kutoka, niliigonga taratibu kwa mpini wa mbao. Sikuthubutu kupenyeza bisibisi, kwa kuwa silinda hedi, sehemu ya injini inayokaliwa na kava, ni ya alumini na mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia mpya ya oili.

Kilichonichosha ni silikoni, ile gundi ya kuzibia. Mtu aliyewahi kuifungua injini hii aliipaka kuizunguka gasketi yote, yaani mpira unaoziba kati ya kava na hedi, na juu ya hapo gasketi yenyewe ilikuwa imekauka kwa joto hadi ikakatika vipande mikononi mwangu. Niliziba sehemu zote zilizo wazi kwa matambara safi, nikabandua silikoni kidogo kidogo kwa kipande cha plastiki kwa muda wa saa tatu, kwa sababu punje zake zikiangukia ndani huweza kufika kwenye kichujio kilichomo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuinyima injini oili. Kwa kweli naiona tabia hiyo ya kupaka silikoni kila mahali kuwa ni kuwadhulumu wanaokuja baadaye. Mimi niliipaka kidogo tu kwenye pembe ambapo kofia ya beringi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) inakutana na hedi, maana hapo pana ufa ambao mpira peke yake hauujazi.

Nilibadilisha pia mipira inayozunguka matundu ya plagi. Wakati wa kukaza, jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi, alinishika mkono. “Mwanangu, kaza kwa zamu, kidogo kidogo. Ukiubana mpira kupita kiasi utauponda, na kava itapinda.”

Ni yeye aliyeniuliza kama nimeitazama valvu ya kupumulia iliyo juu ya kava. Niliichomoa na kuitikisa, haikulia kama inavyolia iliyo nzima. Ilikuwa imezibwa na masizi ya oili. Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni zilikuwa hazina pa kutokea, zikawa zinaisukuma oili nje kupitia gasketi iliyokwisha kuchoka. Ningeiacha hivyo, gasketi mpya nayo ingevuja, kwa hiyo nilinunua valvu nyingine siku iyo hiyo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mombasa na kurudi, yapata kilomita 120 kila upande. Usiku huo niliweka kadibodi chini ya injini. Asubuhi ilikuwa kavu, na kijiti cha oili kilionyesha kiwango kilekile nilichokiacha kabla ya safari.