Premio Nyeusi, Majirani wa Paking na Godoro la Shemeji

Nina Premio nyeusi. Wenye gari nyeusi wameshanielewa. Ninyi wa silva mnaweza kukwaruzwa leo mkagundua mwezi ujao, ila nyeusi haitunzi siri hata dakika tano. Hapa Dar kila niliyemlalamikia kuhusu milango ya watu inayogonga gari yangu kwenye paking alikuwa na dawa yake mfukoni, na nusu ya dawa hizo zimeniharibia rangi kuliko hiyo milango yenyewe.

Kuna aliyeniambia ninunue kava. "Dada, funika, utalala usingizi." Kava ni nzuri kwa gari inayolala ndani, tena ikiwa safi. Kwenye paking ya vumbi, upepo wa baharini ukiipiga kava mchana kutwa, ule mchanga ulioingia chini yake unasugua rangi kama msasa. Niliifunua jioni juani, nikaona boneti imejaa vimistari vya duara. Kava nikampa mama, anaanikia mpunga.

Halafu akaja shemeji. Shemeji yangu hana gari, ila ana ushauri wa gari. Akasema: chukua sponji la godoro, kata vipande virefu, shona mfuko wa turubai, weka sumaku ndani, bandika mlangoni kila unapopaki. "Wazungu wanauziwa hiyo kitu bei mbaya, sisi tunatengeneza kwa elfu kumi." Akili yangu ikakubali. Godoro lilikuwepo, lile la msichana aliyeondoka. Sumaku tulinunua kwa fundi redio, zimetolewa kwenye spika mbovu, nzito kweli kweli. Cherehani ya jirani ikavunja sindano mbili kwenye turubai. Ukijumlisha sindano, nauli na soda ya shemeji, elfu kumi ilishapita mbali.

Siku ya kwanza nilipaki mjini nikabandika madude yangu, mawili kila upande. Watu wakasimama kutazama. Mmoja akauliza kama gari ina mimba. Nikaingia ofisini na kiburi changu. Mchana natoka, upande wa kulia hakuna kitu. Nikazunguka, na kushoto hakuna. Nikamfuata mzee anayelinda pale, nikamkuta amekaa chini ya mti amejinyoosha juu ya sponji langu, miguu kaitupia kwenye lile la pili. "Mwanangu, nilijua limetupwa. Limeniponya mgongo." Ungemnyang'anya? Mimi nilishindwa, na mengine mawili sijayaona hadi leo. Lililoniuma zaidi ni mlango wenyewe: sumaku huvuta chembechembe za chuma zilizo kwenye vumbi, na wakati mzee anaziburuza kubandua, zilichora mistari mirefu kuanzia kitasani hadi chini.

Mistari hiyo nikaambiwa niipake dawa ya meno! Jamani, kabla hujapaka chochote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, polishi ya kawaida inaweza kuutoa. Ukikwama, mkwaruzo umeshazama, nenda kwa fundi rangi. Na ile mbinu ya kurudisha palipobonyea kwa maji ya moto na pampu ya kuzibulia choo, inafanya kazi kwenye bampa kwa sababu bampa ni plastiki, ikipata joto inalainika na kurudi. Mlango ni bati, haulainiki hivyo.

Kilichonisaidia ni kuchagua jirani, na hakina gharama. Kabla sijazima gari naangalia kingo za milango ya gari iliyo pembeni. Ukingo uliobanduka rangi, umebaki bati au una vidoa vya rangi za watu wengine, maana yake mwenyewe anafungua kwa teke. Sipaki hapo hata kama ndiyo nafasi pekee yenye kivuli. Kiti cha mtoto nyuma, sipaki. Natafuta Raum, Sienta, Alphard, gari yenye milango ya nyuma ya kuslaidi: mtoto akiutupa mlango unakwenda nyuma, haukufuati wewe. Noah zile za zamani kabisa ni tamu zaidi. Mlango wake wa nyuma uko kushoto tu, upande wa kulia hakuna. Ukikaa kuliani kwake, nanyi mmetazama upande mmoja, unayemwogopa ni dereva peke yake. Marafiki zangu wananicheka, nazunguka paking natafuta Noah. Wacheke.

Mengine ni ya kawaida. Saiti mira nakunja, na vioo na taa nimechonga namba ya gari ili mwizi apate tabu kuuza. Chini ya mti wenye kunguru sipaki, maana kinyesi chao kikikaushwa na jua kinakula rangi. Chupa ya maji haikosekani kwenye buti, namwagia kilainike kwanza, sisugui kikavu. Chini ya mnazi hata usiniulize. Na vijana wa "rudi, rudi, bado, bado" nawashukuru, lakini nashuka kuangalia mwenyewe, kwa sababu "bado" ya mwisho huwa inatoka pamoja na mlio.

Bima yangu ni ndogo, haitengenezi gari yangu mimi. Kwa hiyo kabla sijaondoka napiga picha majirani wote wawili, namba zionekane na mlango wangu uonekane ukiwa mzima. Kuna baba mmoja wa pikapu nyeupe nilimkuta anawasha gari, mlango wangu umebonyea na umebaki na rangi nyeupe. Akakana kabisa. Nikamwonyesha picha ya asubuhi, kisha tukafungua mlango wake taratibu hadi ukagusa palepale penye alama, urefu uleule. Akakaa kimya, akasema, "Haya dada, sema namba yako ya simu." Akatuma hela hapohapo. Ilitosha kunyoosha bati, rangi nikajilipia.