Salsa katikati ya muhula: namna ya kupata darasa litakalokufaa

Anza na ratiba ya masomo, bei iangalie baadaye. Tafuta jioni moja ambayo haina kipindi wala maabara kwa wiki sita hadi nane mfululizo, maana kozi nyingi za wanaoanza dansi ya salsa huchukua kama saa moja kwa wiki na kila somo hutegemea lililotangulia. Ukikosa mawili mfululizo, utakuta wenzako wanazunguka na wewe bado unatafuta mguu. Kozi ikiangukia wiki za mitihani, subiri awamu inayofuata.

Ulizia kwanza klabu ya dansi ya chuo chenyewe. Ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya studio, na kalenda yake hufuata muhula. Zipo pia kumbi zinazofanya usiku wa salsa na kutoa somo fupi kabla muziki haujafunguliwa. Nenda huko kuonja na kufahamiana na watu, ila usitegemee kujifunzia hapo tu: kila wiki somo hilo huanza upya kwa ajili ya wageni.

Huhitaji kwenda na mwenza. Uliza kama darasa hubadilishana wenza kila baada ya dakika chache, na kama halifanyi hivyo, tafuta jingine. Anayecheza na mtu mmoja tu huzoea makosa ya mtu huyo, na makosa hayo humshinda siku akishika mkono mwingine.

Uliza pia mtindo. Mtindo wa Los Angeles huchezwa kwenye mstari, na mwili hubadili mwelekeo kwenye pigo la kwanza la muziki. Wa New York hubadili kwenye la pili. Wa Kuba huwafanya wawili wazungukane. Chagua mmoja, ukae nao miezi ya mwanzo. Kuchanganya wa kwanza na wa pili mapema huvuruga kabisa hesabu ya miguu.

Hesabu yenyewe ni ya mapigo manane. Kwa mtindo wa Los Angeles, anayeongoza hupeleka mguu wa kushoto mbele kwenye moja, hukanyaga kulia palepale kwenye mbili, na hurudisha kushoto kwenye tatu. Nne ni kimya. Tano, kulia huenda nyuma. Sita, kushoto palepale. Saba, kulia hurudi. Nane, kimya tena. Anayefuata hufanya kinyume chake, akianza kwa kulia nyuma. Kosa linaloongoza ni kukanyaga kwenye nne: ukilifanya, tano inakukuta na mguu usio wake na kila kitu kinaharibika. Hesabu kwa sauti, na nne na nane uzinyamazie.

Kosa la pili ni hatua ndefu. Nyimbo nyingi huenda kati ya mapigo 160 na 220 kwa dakika, hivyo mguu uliokwenda mbali hauwahi kurudi. Urefu wa kiatu chako unatosha. La tatu ni kung'ang'ania mkono wa mwenza kwa kidole gumba. Wakati wa kuzunguka mkono lazima uteleze ndani ya mwingine, la sivyo utaumiza kifundo cha mkono wake.

Mazoezi ya dakika kumi kila siku, chumbani, yanafaa kuliko saa mbili za Jumapili. Anza na wimbo wa polepole. Sauti ya mwimbaji isikupoteze. Kwenye kiitikio sikiliza kengele, ambayo kwa kawaida hulia kwa nguvu kwenye moja, tatu, tano na saba.

Viatu vya dansi si vya kununua mwezi wa kwanza. Epuka soli mpya za mpira: hushika sakafu, mwili ukageuka na goti likabaki. Kiatu cha soli ya ngozi kinafaa, au hata cha zamani kilicholainika chini, mradi kisigino kimefungwa na hakichomoki.