Wanafunzi Wanapokuwa na la Kusema

Kipindi cha Kiingereza cha leo katika kidato cha kwanza kilikuwa na kelele hata mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani, nami nilifurahi, kwa kuwa kelele zile zilikuwa za wanafunzi wanaozungumza Kiingereza. Anayefundisha katika sekondari ya serikali hapa Tanzania atanielewa. Watoto hawa wamesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu miongoni mwa mengine, kisha wanaingia sekondari na kukuta baiolojia, jiografia na hisabati vyote vinafundishwa kwa lugha ambayo hawajawahi kuitumia kuombana hata kalamu. Mtoto aliyekuwa msemaji hodari shule ya msingi anaweza kumaliza muhula mzima bila kufungua kinywa.

Ninavyoona mimi, kimya hicho hakitokani na uvivu. Mwalimu akiinua kitabu na kuuliza hiki ni nini, jibu analijua yeye na darasa zima linalijua, kwa hiyo hakuna anayepata habari yoyote kwa kujibiwa. Mtu husema anapokuwa na jambo ambalo mwenzake hana na analihitaji.

Ndiyo maana leo niliwagawia karatasi za aina mbili zenye mchoro wa soko moja. Ya kwanza ilikuwa na bei za nafaka na mboga, ya pili ilikuwa na bei za samaki na matunda, na kila mmoja alitakiwa kujaza bei zinazokosekana kwenye karatasi yake huku amempa mwenzake mgongo, asiweze kuchungulia. Msichana mmoja ambaye kwa kawaida hujibu kwa kutikisa kichwa aliambiwa kilo ya dagaa ni shilingi elfu kumi na tano, lakini sikio lake likasikia elfu hamsini, kwa maana namba hizo mbili, fifteen na fifty, hukaribiana sana zinapotamkwa kwa Kiingereza. Alikataa katakata. Aliuliza tena, akauliza kwa namna nyingine, akamtaka mwenzake aitamke polepole, mpaka mwenzake huyo akavuta silabi ya mwisho na bei ikaeleweka. Marekebisho hayo waliyafanya wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni tu.

Merrill Swain, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza lugha, alieleza jambo la namna hii mwaka 1985, baada ya kuchunguza wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi: walikielewa vizuri walipokisikia, lakini usemaji wao ulibaki na kasoro, na hoja yake ilikuwa kwamba kusikiliza peke yake hakutoshi, kwani mwanafunzi anahitaji kusukumwa atoe maneno yake mpaka aeleweke.

Kwa darasa kubwa, kazi ya wawili wawili ni ya lazima. Wanafunzi 60 wakisimama mmoja mmoja katika kipindi cha dakika 40, kila mmoja hapati hata dakika moja. Wakizungumza wawili wawili, nusu ya darasa inasema kwa wakati uleule. Hapo ndipo ninapoipenda mbinu aliyoieleza Keith Maurice mwaka 1983, ambapo mwanafunzi anasimulia jambo lilelile kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwanza kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2. Mimi nimeipunguza ikawa 3, 2 na 1 ili kipindi kitoshe. Kufikia msikilizaji wa tatu, vituo vya kutafuta maneno vimepungua na sentensi zinatiririka.

Kuhusu Kiswahili, ninawaruhusu kukitumia wanapopanga watakachosema, na sioni sababu ya kumwadhibu mtoto kwa kufikiri kwa lugha anayoimudu. Makosa ninayaandika kwenye daftari langu wakati wakizungumza, kisha dakika za mwisho ninayaweka ubaoni bila kutaja jina la mtu, na darasa linayasahihisha.

Kwa wiki ijayo ninaandaa safari ya basi kutoka Morogoro kwenda Dodoma: mmoja atakuwa na saa za kuondoka, mwenzake atakuwa na nauli, na watapaswa kukubaliana wapande basi lipi kwa fedha walizo nazo, ili wafike kabla ya saa nane mchana.